"Muzuri" peke yake haitoshi

Sisi walimu wa Kasongo tumechoka na neno moja mudomoni mwa watoto wetu: muzuri. Chakula muzuri, barabara muzuri, mutu muzuri. Wakitaka kujionyesha, wanarukia Kifaransa: bien!

Katika somo la Kiingereza tunawafundisha kwamba good iko na ndugu zake, na kila ndugu ana kazi yake. Mwanafunzi akirudilia neno moja, tunamukata pointi. Lakini Kiswahili chetu tunakiacha kitembee uchi, halafu tunasema ni lugha maskini. Uongo! Maskini ni sisi tusiofungua sanduku.

Tufungue kidogo. -zuri ni ya macho kwanza: sura nzuri, nguo nzuri. -ema ni ya moyo: mtu mwema, tabia njema. Tamu ni ya ulimi: sombe yenye mawese ni tamu. Safi ni kisicho na uchafu: mchele uliopepetwa ni safi. Bora ni kinachopita vingine: mbegu bora ndiyo tunaweka kwa kupanda. Na mnyofu ni mutu asiyepinda maneno.

Wengine watasema: "Tunasikilizana, inatosha." Hapana! Siku ya kuposa, wajomba wanauliza: binti huyu iko namna gani? Ukijibu "muzuri", umesema sura ao tabia? Nyumba inaweza kuvunjika juu ya neno lisilosema kitu. Wazee walijua kutenga: walisema wema hauozi. Hawakusema uzuri hauozi, kwani uzuri unaoza, tunauona kila siku.

Kiswahili kilifika kwetu katika karne ya 19 na misafara ya pembe na ya watumwa, wakati Tippu Tip alipoweka makao yake hapa Kasongo. Kilikuja na machozi, ndiyo, lakini mama zetu walikifanya cha nyumbani, cha kubembelezea watoto na cha kupatanishia ndugu. Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inakihesabu kati ya lugha 4 za taifa. Heshima ya karatasi bila maneno mudomoni inatusaidia nini?

Basi wazazi, walimu, wahubiri na maimamu, tuanze leo. Mtoto akisema "muzuri", tusimucheke, tusimupige. Tumuulize tu: muzuri namna gani, mwanangu? Na tungoje jibu.