Mlima wa Ibada, Tiketi ya Siku Moja

Wikendi za Nairobi zimebadilika. Vijana ambao zamani wangelala hadi saa nne asubuhi sasa huamka alfajiri, wakakutana mjini na kupanda gari la pamoja kwenda mlimani. Wako wanaokwenda Longonot, wako wa Ngong, na wako wanaochagua Kilimambogo, ambao kwenye ramani huitwa Ol Donyo Sabuk. Huu wa mwisho uko karibu. Unashika Barabara ya Thika, unaingia ya Garissa, unavuka Mto Athi, na kabla ya adhuhuri umefika kileleni, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Anga likiwa safi, unauona Mlima Kenya. Jioni umerudi kwako.

Naipenda desturi hii na ningetaka iendelee. Jiji limewanyima wakazi wake mahali pa kutembea kwa utulivu, na mwili uliokaa ofisini wiki nzima unauhitaji mlima. Hata hivyo, Kilimambogo ulikuwa na wenyewe na heshima yake kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa. Katika imani ya Wakikuyu, makao makuu ya Ngai, yaani Mungu, ni Kĩrĩnyaga (Mlima Kenya), lakini anayo makao mengine yanayoizunguka nchi: Nyandarua upande wa magharibi, Ngong kusini, na huu wa mashariki, Kĩa Njahĩ. Jomo Kenyatta aliiorodhesha milima hiyo katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Wakamba wanaoishi chini yake, upande wa Machakos, wanauita Kyanzavi. Jina la kwenye ramani ni la Wamaasai. Jamii tatu zimeutazama mlima mmoja, kila moja ikaupa jina na nafasi katika maisha yake.

Mwaka 1967 mlima huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa takriban kilomita 20 za mraba. Tangu hapo serikali imekuwa na lugha moja ya kuuzungumzia: lugha ya wanyamapori. Mgeni huonywa kuhusu nyati, na onyo hilo ni la haki, kwa sababu msitu ni mnene na nyati hana mzaha. Kisha huelekezwa makaburini. Karibu na njia ya kupandia amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyemiliki ardhi kubwa sehemu hizi na kufariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, ila mwinuko uliwashinda waliobeba jeneza, wakamlaza njiani. Mkewe, Lucie, alizikwa hapo pia. Makaburi hayo hayakosekani katika orodha ya vivutio vya hifadhi.

Hapo ndipo ninapoumia. Mlowezi aliyeishi hapa kwa miongo miwili hivi ana kituo rasmi cha kusimama na kusimuliwa, ilhali imani za vizazi na vizazi zikitajwa hutajwa kwa sentensi moja ya kupita. Nawatetea wapandaji hapa. Kijana anayefungulia muziki kwenye spika huko juu hajamdharau yeyote kwa kusudi, maana hakuna aliyemwambia kwamba yuko mahali pa ibada. Na akiinua macho anaona milingoti ya mawasiliano imesimikwa kileleni. Taifa lenyewe limemfundisha kwamba kilele ni eneo tupu la kutumiwa.

Wapo wanaosema dawa ni kuufunga. Mfano wanaoutoa ni Uluru, huko Australia. Waanangu, wenyeji wa mwamba ule, waliwaomba wageni kwa miaka mingi wasiupande. Ombi liliwekwa hadi kwenye mabango pale chini, na wageni wakaendelea kupanda. Mwaka 2017 bodi ya hifadhi ikaamua kupiga marufuku, na tarehe 26 Oktoba 2019 njia ikafungwa kabisa. Naiona kuwa hatua ya haki, lakini haihamishiki kirahisi. Waanangu walirudishiwa hati ya ardhi yao mwaka 1985 na wana viti vingi katika bodi hiyo, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kusema hapana na sheria ya kumsikiliza. Kilimambogo ni mali ya umma, jamii zinazouheshimu ni zaidi ya moja, na wazao wengi wa waliomwomba Mungu wakiuelekea leo husali kanisani Jumapili. Nani kati yao angefunga njia kwa niaba ya wote?

Tena, mamlaka ya wazee isiyo na mipaka ina hatari zake. Tunajua jinsi kikundi kinavyoweza kujiita baraza, kikakaa getini na kudai ada, au kuwazuia wanawake kwa mila ambayo hakuna anayeweza kuieleza. Anayeutetea utakatifu wa mlima lazima alijibu hilo waziwazi. Jibu langu ni kwamba wazee wapewe sauti juu ya namna ya kuingia, wasipewe ufunguo.

Pwani kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, unapokea wageni. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi, huongozwa na mwenyeji, na huambiwa mapema asichopaswa kugusa wala kufanya. Hata jani haondoki nalo. Misitu ya kaya za Wamijikenda imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008. Kile kitambaa hakimgeuzi Mjerumani aliyetoka hotelini kuwa muumini. Kinamjulisha kwamba hapa kuna taratibu za watu, na kwa saa moja atazifuata. Wengi hutii bila shida, na kiingilio kinawafaa wenyeji.

Kuna upande wa pili ambao hauzungumziwi kabisa: haki ya anayekwenda kuomba. Jamii ya Waendorois waliondolewa Ziwa Bogoria katika miaka ya sabini ili pawe hifadhi. Walipoishtaki Kenya, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, kwamba kuwazuia wasifike kwenye maeneo yao ya ibada kulivunja uhuru wao wa dini, na ikapendekeza waruhusiwe kulifikia ziwa kwa ajili ya ibada zao. Kwa mwanga huo, si sawa mzee wa Matungulu au Gatundu anayepanda Kilimambogo kuomba mvua ahesabiwe getini kama mtalii wa ndani.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kila hifadhi iwe na mpango wa usimamizi, na umma ushirikishwe kuuandaa. Humo ndimo mambo haya yanapopaswa kuandikwa: sehemu ya kilele iliyotengwa kwa maombi, siku ambazo makundi makubwa hayapandi, marufuku ya spika, na ruhusa ya bure kwa wanaokwenda kuabudu. Shirika la Wanyamapori liwaalike Wakamba, Wakikuyu na Wamaasai kwenye meza moja, wanawake wakiwemo, kabla ya rasimu kuandikwa. Nao waandaaji wa safari hawana haja ya kuisubiri rasimu hiyo. Mji wa Donyo Sabuk uko hapo chini ya mlima, na wamo watu wazima wanaoijua historia yake. Mwandaaji anayetoza nauli, kiingilio na chakula cha mchana anaweza kumlipa mmoja wao azungumze na kundi kwa robo saa kabla ya kupanda, na kuwaambia wateja wake tangu Ijumaa kwamba spika zibaki nyumbani.