Fomu za intaneti: kwa nini kumfungia raia mlango mbele afike?

Bukavu: Siku hizi kuomba kazi ao nafasi ya masomo ni kujaza fomu kwenye intaneti. Lakini fomu nyingi zinatengenezwa kama vile kila mtu yuko na mtandao wa nguvu. Sehemu nzima ya visanduku inakuja imefungwa, rangi ya kijivu, ikingojea programu ndogo ya JavaScript ije kuifungua. Mtandao ukikatika mbele programu hiyo ifike, kijana anabonyeza, anabonyeza tena, hakuna kitu. Mega zinakwisha, tarehe ya mwisho inapita, na hakuna atakayejua kwamba alitaka kuomba.

Hiyo si bahati mbaya. Ni fundi aliyechagua hivyo.

Kufunga sehemu ya fomu si kosa. Asiyeoa hana haja ya kuulizwa jina la bibi yake. Na kazi yenyewe ni nyepesi: visanduku vinawekwa ndani ya fungu moja linaloitwa fieldset, kisha neno moja tu, disabled, linavifunga vyote pamoja. Likiondolewa, vyote vinafunguka.

Kosa ni kuanza na kufuli. Fomu inapashwa kufika ikiwa wazi, kisha programu ndiyo ifunge kisichohitajika. Hapo programu ikikosekana, raia ataona maswali ya ziada, atayaruka, na ombi lake litafika. Ila tu maswali hayo yasiwekwe kuwa ya lazima kwa wote.

Kuna mtego mwingine. Kisanduku kilichofungwa kwa disabled hakitumwi. Fundi anayefunga hivyo jina na postnom ili visibadilishwe, atapokea fomu isiyo na mwenyewe. Kwa kazi hiyo neno ni readonly: kinasomwa, hakibadilishwi, kinatumwa.

Na anayesema kwamba kufuli inazuia wadanganyifu, anajidanganya. Mwenye ujuzi kidogo anaifungua ndani ya Chrome ao Firefox yake kwa dakika moja. Ukaguzi wa kweli unafanyika kwenye seva.

Basi, ofisi na mashirika yanayolipa mafundi yawaulize swali moja mbele ya kupokea kazi: JavaScript ikizimwa, fomu inajazika? Kama hapana, wairudishe kwa fundi. Kwa mtu wa Kadutu ao Walungu mwenye simu ya bei ya chini, fomu iliyofungwa ni sawa na kukuta ofisi imefungwa saa za kazi.