Kabla ya Kumwita Mtu Mdukuzi, Tuonyesheni Kufuli Lililovunjwa

Ni siku nyingi sijaandika, kazi za wateja zimenishika. Leo hatuzungumzii simu mpya wala programu mpya. Leo ni sheria. Usikimbie! Sheria hii inakuhusu hata wewe unayejifundisha kuandika programu usiku, watu wakiwa wamelala.

Kwanza nikiri jambo. Miaka michache iliyopita, nikiwa hapa hapa Makindu, nilikuwa naangalia rekodi zangu kwenye tovuti ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Nilipoandika anwani ya ukurasa nilikosea tarakimu moja. Ukurasa ukafunguka, lakini jina halikuwa langu. Nikaona namba ya kitambulisho ya mtu mwingine na namba yake ya simu. Sikuulizwa nywila. Sikuvunja chochote. Nikafunga ukurasa haraka, halafu nikaanza kujiuliza: niwaambie wenye tovuti au ninyamaze?

Nilinyamaza, na bado naona aibu. Rekodi za watu zilikaa wazi, nami fundi ninayejua hatari yake nikakaa kimya kwa kuogopa kuulizwa, "Wewe uliingiaje?"

Woga wangu ulitokana na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliitia sahihi tarehe 16 Mei 2018. Kifungu cha 14 kinasema anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili. Kabla ya hapo, kosa kama hilo chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano lilikuwa na faini isiyozidi shilingi 200,000. Tumepanda mara 25!

Sisemi sheria isiwepo. Januari 2012 tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa kwa mpigo. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, watu wakakwama na maombi yao ya pasipoti na leseni. Mwizi ni mwizi, hata kama silaha yake ni kibodi. Afungwe.

Tena nitakuwa mkweli: kifungu cha 14 kimeandikwa vizuri kuliko nilivyodhani siku ile nilipoogopa. Kinataka mtu awe amevunja kinga za usalama, awe amekusudia kuingia, na awe anajua hana ruhusa. Yaani kuna kufuli, kuna mkono uliolivunja, na kuna nia. Hapo hata mimi nakubali.

Tatizo liko kifungu cha 16. Hiki kinahusu "kuingilia" mfumo bila idhini, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Humu hakuna sharti la kufuli kuvunjwa. Anayekusudia kufanya kitendo chochote kinachovuruga mfumo, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuingia humo.

Na mtu aliingizwa humo. Mei 2025, wakati Mswada wa Fedha ukiwa bungeni, mwandishi wa programu Rose Njeri alitengeneza ukurasa mdogo wa kurahisisha kutoa maoni. Unasoma vipengele vya mswada, unabofya, na barua pepe ya pingamizi inaelekezwa Bungeni. Ni kazi ya siku moja kwa fundi yeyote. Bunge lenyewe lilikuwa limeomba wananchi walete maoni kwa barua pepe, na Katiba, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi.

Njeri alikamatwa tarehe 30 Mei 2025, akakaa ndani wikendi yote pamoja na Madaraka Dei. Alipofikishwa mahakamani Nairobi, shtaka likawa kuvuruga mifumo ya Bunge. Tarehe 20 Juni 2025 hakimu Geoffrey Onsarigo aliitupa kesi, akisema hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini zile siku alizolala rumande nani atamrudishia?

Wanaopita barabara ya Mombasa wanalijua hekalu la Masingasinga hapa Makindu. Limekuwepo tangu 1926, na msafiri yeyote anakaribishwa chakula bila kulipa. Sasa tuseme siku moja mabasi mia yasimame, chakula kiishe, wapishi wachoke. Je, abiria ni wavamizi? Mlango ulikuwa wazi, walikaribishwa. Labda wenyeji wataongeza sufuria au wataomba watu wapange foleni. Lakini anayevunja mlango wa stoo usiku, huyo tunamwita mwizi bila ubishi. Mtoto wa darasa la tatu anaona tofauti hiyo. Sheria yetu mara nyingine haiioni.

Kuvuta sheria kama mpira si jambo jipya. Uingereza miaka ya 1980, Robert Schifreen na Stephen Gold waliingia kwenye mfumo wa Prestel wa British Telecom, hadi kwenye sanduku la ujumbe la Mwanamfalme Philip. Sheria ya udukuzi haikuwepo, wakashtakiwa kwa kughushi. Mwaka 1988 mahakama ya juu kabisa ya huko ikakubali kwamba sheria ya kughushi haikutungwa kwa jambo hilo. Ndipo Bunge lao likatunga sheria ya kompyuta mwaka 1990. Pengo lilizibwa kwa kuandika sheria inayolingana na kosa, si kwa kulazimisha kosa liingie kwenye sheria iliyopo.

Basi mimi naomba mambo mawili.

La kwanza, kabla ya kumkamata fundi, polisi na waendesha mashtaka waseme wazi ni kufuli gani limevunjwa, au ni huduma gani ilisimama na kwa kitendo gani. Wakishindwa kusema, wamwache mtu alale kwake.

La pili, Bunge limpe kinga anayegundua tundu kwa nia njema, asiyeiba, asiyeharibu, na anayempasha mwenye mfumo habari mapema. Kifungu cha 18 kinawalinda wanaomiliki zana za kujaribu mifumo, lakini kwa majaribio yaliyoidhinishwa tu. Marekebisho yaliyotiwa sahihi tarehe 15 Oktoba 2025 hayakuongeza kinga hii. Marekani, ambayo sheria yake ni ya 1986 na ni kali kweli, Wizara ya Sheria iliwaelekeza waendesha mashtaka Mei 2022 wasiwashtaki watafiti wa usalama wenye nia njema. Kama wao wameweza, sisi tunashindwa na nini?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwenye mfumo amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba data imevuja na watu wanaweza kudhurika. Vizuri. Lakini atajuaje, kama sisi tunaoona tundu tunaogopa kufungua mdomo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Tundu nisilolisema mimi leo, mwizi atalipata kesho, na yeye hatatuma barua pepe ya kuwaonya.

Mimi naona hivyo. Wewe ungekuwa mimi siku ile, ungesema au ungenyamaza?

Tuonane tena, Mungu akipenda.