Programu za umma ziseme lugha ya umma

Wafanyabiashara wadogo wa Busia na Malaba hununua, huuza na kubishania bei kwa Kiswahili. Wafikapo kwenye forodha, hukuta mifumo ya kompyuta iliyoandikwa kwa Kiingereza. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zahitaji cheti chepesi tu cha uasili, lakini asiyeweza kujisomea hayo humlipa mtu amsomee. Je, Katiba ya 2010 haikukifanya Kiswahili lugha rasmi?

Kwa mtazamo wa mwanaisimu, kiini cha tatizo ni umiliki. Programu iliyofungwa haitafsiriki pasipo idhini ya kampuni iliyoiunda. Programu huria, kinyume chake, humruhusu yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuitafsiri. Ndivyo mradi wa Kilinux, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulivyotoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004.

Wala jambo hili si geni kwa serikali yetu: tangu 2011, takwimu za afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, ambayo ni programu huria.

Wapo wadaio kwamba programu huria haina wa kuulizwa ikiharibika. Basi fedha za leseni na ziwafunze vijana wetu kuitunza. Serikali itunge sera: programu inayogharimiwa na mlipa kodi iwe huria, tena izungumze Kiswahili. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, chafaa kuwa mwanzo. Mwenye gunia la mahindi ana haki ya kujisomea anachotozwa.