Nyumba ya Wazee Si Laana. Laana Ni Kumtwika Msichana Mmoja Kila Kitu

Wasee, leo tuambiane ukweli. Kila nikitaja nyumba za wazee, watu wa huku Garsen wananirukia. "Hayo ni mambo ya wazungu." "Sisi hatutupi wazazi wetu." Sawa. Nijibuni swali moja tu: nani anamgeuza nyanya yako kitandani saa nane usiku?

Si wewe. Si mjomba wa Mombasa anayetuma mia tano kwa M-Pesa halafu anaandika "tuko pamoja". Ni msichana. Kwetu ni binamu yangu. Nyanya alipopata kiharusi, familia ikakaa kikao, wanaume wakaongea, chai ikanywewa, kisha yeye akaambiwa, "Wewe ndiwe mwenye moyo." Alikuwa kidato cha tatu. Shule ikaishia hapo. Miaka minne sasa anaosha, analisha, anabeba. Na sisi mbele ya wageni tunajisifu eti familia yetu inatunza wazee. Familia gani bana? Ni mtu mmoja, na halipwi hata ndururu.

Kwa hivyo msiniambie malezi ya nyumbani ni bure. Bili ipo, tumempa yeye alipe kwa ujana wake.

Serikali je? Inua Jamii inampa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30: bob 66 na senti. Na mara nyingi pesa huchelewa. SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ni ya matibabu, haimlipi mtu wa kumwinua mzee na kumpeleka choo. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na Serikali. Wanasiasa wakifika kwenye "na Serikali" wanaruka kama wameona nyoka.

Halafu hiyo "Waafrika hatutupi wazee", tuiangalie vizuri. Hapa jirani Kilifi, kule Ganze, kuna Kaya Godoma, mahali wanapokimbilia wazee walioitwa wachawi ili wasiuawe. Mara nyingi wanaowatishia ni jamaa zao, na chini yake kuna shamba. Wazungu hawahusiki hapo.

Zanzibar nao ni wazungu? Serikali yao ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na tangu 2016 inalipa pensheni kila mwenye miaka 70 na zaidi, hata kama maisha yake yote alikuwa mvuvi au mkulima. Kenya, nyumba nyingi zinategemea dini na wahisani, kama ile Nyumba ya Wazee ya masista wa Kikatoliki kule Kasarani. Nani atamtoa mzee wa Kipokomo au wa Kiorma hapa akamlaze Nairobi, asikokuwa na wa kuongea naye?

Na sisemi tuige Uingereza. Kule England, ukiwa na mali ya zaidi ya pauni 23,250 unajilipia makao mwenyewe, na wengine huuza hadi nyumba. Hiyo si heshima pia.

Ninachotaka ni kidogo. Kituo cha mchana Garsen na kingine Hola, mzee apelekwe asubuhi arudi jioni, ili anayemlea asome au afanye biashara. Posho kwa anayelea nyumbani. Nyumba ndogo ya kaunti kwa wasio na mtu kabisa, yenye ukaguzi, kwa sababu najua makao yasiyokaguliwa hugeuka jela. Na ijengwe juu, palipoinuka. Mto Tana ulipofurika mwisho wa 2023 na tena 2024, vijana tulikimbia na magodoro. Asiyeweza kutembea anangoja mgongo wa mtu.

2027 watakuja hapa na fulana na pesa za soda. Usiulize atajenga uwanja gani. Muulize bajeti ya wazee ni ngapi. Na kabla hajafika, nenda nyumbani wikendi hii ushike zamu, usichana wa binamu yako si mali ya ukoo.