Chuo Kikifungwa, Nani Aulizwe?

Kila mwaka yatokapo matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa Unguja na Pemba huketi na kuhesabu kilichomo kibindoni. Wapo ambao watoto wao hupata nafasi hapa hapa Visiwani, katika Chuo Kikuu cha Taifa, Tunguu au Chukwani. Wengine hupanda boti kwenda Dar es Salaam, na si wote waendao Mlimani au Muhimbili. Wengi hufikia pembezoni mwa jiji, katika Kinondoni na Temeke na vitongoji vilivyo mbele yake, ambako kwa muda wa miaka 25 iliyopita vyuo vikuu vya binafsi vimechipua kimoja baada ya kimoja. Baadhi ya vyuo hivyo vimesimama imara. Vingine vimekwisha kufa. Hivi vilivyokufa ndivyo tunavyotaka kuvizungumza leo, kwa kuwa chuo kinapofungwa vijana waliokuwamo hawafungwi pamoja nacho. Hubaki na umri wao, deni lao na karatasi zao.

Kwetu Visiwani neno chuo ni neno la heshima ya zamani. Kabla hatujasikia habari za shahada, chuo kilikuwa ni pale mtoto anapoanzia alifu, na mpaka leo tunasema fulani yuko chuoni tukikusudia kwamba anasoma Kurani. Chuo hicho aghalabu huitwa kwa jina la mwalimu au la mtaa. Jina lake lenyewe humwambia mzazi mambo mawili: kiko wapi, na nani wa kumuuliza mtoto asipoelewa. Hatujapata kusikia chuo cha Makunduchi kilichokuwa kikisomeshwa Mkokotoni.

Huko ng'ambo ya bahari hali imekuwa nyingine. Kulikuwa na Chuo Kikuu cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ambacho wanafunzi wake walisomea wilayani Kinondoni, ilhali mji wa Bagamoyo uko mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Gongo la Mboto kuna chuo kikuu chenye jina la Kampala, nacho, tuseme haki, kingali kikifundisha. Mjini Tanga palikuwa na chuo kikuu kilichoitwa Eckernforde, jina ambalo wenyeji wachache waliweza kulitamka vizuri. Ni jina la mji mdogo wa Kijerumani, kando ya bahari ya Baltiki, wenye udugu na mji wa Tanga. Mbezi Beach kulikuwa na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Tiba na Teknolojia, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya elimu ya Vignan ya Bangalore, India.

Hatusemi kwamba jina geni ni dhambi. Makao makuu ya Chuo Kikuu Huria yapo Kinondoni mahali paitwapo Biafra, na hilo ni jina la nchi iliyokuwa ikipigana vita mbali kabisa, ambayo Tanzania iliitambua mwaka 1968. Leo ni kituo cha daladala na hakuna anayepotea kwa ajili yake. Wala udogo si aibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Na waanzilishi wa kile chuo cha Bagamoyo hawakuwa wababaishaji. Miongoni mwao kilikuwapo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambacho sifa yake inajulikana. Lakini mzazi aliyeko Micheweni hana njia ya kwenda kuchungulia madarasa. Jina ndilo analoliona kwanza, na mara nyingi ndilo peke yake. Likimwambia Bagamoyo na mtoto akashukia Kinondoni, au likimwambia Kimataifa bila kumwambia mataifa gani na kwa kipimo gani, basi mzazi huyo amenunua mbuzi ndani ya gunia.

Mwezi Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya wa mwaka wa masomo 2017/2018. Katika orodha hiyo vilikuwamo Bagamoyo, Eckernforde na kile chuo cha tiba cha Mbezi Beach. Bagamoyo na Eckernforde leo havimo tena katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa. Tume ilifanya kazi yake, na sisi hatuilaumu kwa kufunga mlango wa nyumba iliyokuwa ikivuja. Chuo kisicho na wahadhiri wa kutosha, maabara wala maktaba kinawadhulumu wanafunzi wake kila siku kinapofunguliwa.

Hata hivyo yafaa ieleweke jinsi chuo cha namna hii kinavyokufa, kwa sababu hakifi kwa siku moja. Chuo kidogo cha binafsi hakina ruzuku. Huishi kwa ada. Kikizuiwa kudahili mwaka mmoja, darasa la kwanza linakuwa tupu, na mwaka unaofuata la pili. Mshahara wa mhadhiri unachelewa, naye huondoka kwenda kwenye uhakika. Anapoondoka, sababu ile ile iliyoleta zuio huzidi kuwa kubwa. Wanaobaki hadi mwisho ni wanafunzi wa miaka ya juu, ambao wameshalipa sana kiasi cha kutoweza kuondoka. Hao ndio wanaotakiwa kufundishwa vizuri zaidi, na ndio wanaofundishwa na waliobaki.

Liko jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi kulitaja. Kuanzia mwaka 2010 hadi udahili wa mwaka 2016, mwombaji hakuwa akikiandikia chuo moja kwa moja. Aliomba kwa njia ya mfumo wa pamoja uliokuwa mikononi mwa TCU yenyewe, na mfumo huo ndio uliompangia chuo. Februari 2016 TCU ilifuta vibali vya vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na muda si mrefu tawi la Arusha likafuata. Chuo mama, kilichoko Mbezi pembezoni mwa Dar es Salaam, kikabaki. Wanafunzi wakaambiwa watahamishiwa vyuo vingine. Sasa mwanafunzi aliyepangwa na chombo cha serikali, katika chuo kilichopewa kibali na chombo hicho hicho, kosa lake ni lipi hata gharama ya kuhama iwe yake?

Kuhama chuo si kuhamisha begi. Chuo kipya kina mtaala wake. Masomo mengine hukubaliwa na mengine hukataliwa, na kijana wa mwaka wa tatu huweza kujikuta anarudia ya mwaka wa pili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, inakopesha kwa ajili ya masomo, na mkopo ni mkopo hata kama jengo limegeuzwa ukumbi wa harusi. Na aliyekwisha hitimu ana yake: mwajiri anapotaka kuthibitisha cheti, barua inapelekwa kwa msajili gani, katika ofisi ipi?

Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inahusu pande zote mbili. Kwa hiyo tunayo haki ya kusema na TCU kama wenyewe. Tunaitaka Tume, kila inapofunga chuo, itaje katika tangazo lile lile ofisi itakayotunza kumbukumbu za wanafunzi, na chuo kitakachowapokea, na nani atalipa tofauti ya ada. Tunaitaka isikubali jina la mahali ambapo chuo hakipo. Kama chuo kinakusudia kuhamia huko baadaye, basi na kichukue jina siku kitakapohamia. Neno kimataifa nalo lipewe masharti. Wizara yetu ya Elimu na Mafunzo ya Amali na Bodi ya Mikopo, kwa upande wao, wasisubiri barua kutoka Bara, kwani fedha za Wazanzibari zinavuka bahari kila Oktoba.

Na kuna dogo linaloweza kufanyika mwaka huu huu bila kubadili sheria. Mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume umeandikwa kwa Kiingereza, wala haukuandikwa kwa ajili ya mzazi anayelipa. Itengenezwe karatasi moja ya Kiswahili, yenye majina ya vyuo vilivyoruhusiwa kudahili, mahali hasa kilipo kila kimoja, na vile vilivyozuiwa. Ibandikwe bandarini Malindi, Mkoani na Wete, na katika kila skuli yenye kidato cha sita, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.