Msaidizi wa akili unde asijisahihishie mtihani

Wasomaji wangu, leo nitasema bila kuzunguka. Huu mtindo unaoenea miongoni mwetu sisi waandishi wa programu wa Kitale na Bungoma, wa kumwachia msaidizi wa akili unde aandike msimbo, kisha yeye yule aandike majaribio yake, kisha yeye yule aukague na kusema uko sawa, ni kudanganyana. Ni mwanafunzi gani anayejitungia maswali, akajijibu, akajisahihishia na kujipa alama mia?

Nisieleweke vibaya. Sizipingi zana hizi. Copilot ya GitHub ilipofunguliwa kwa wote mwaka wa 2022 niliifurahia kama wengine, na hadi leo situmii siku nzima kwenye tarakilishi bila msaidizi wa aina hiyo. Ninachopinga ni uvivu uliovikwa joho la ubora.

Chukua mahindi, maana hapa Trans Nzoia usipoelewa mahindi huelewi kitu. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kijana mmoja wa hapa Kitale alinionyesha programu aliyowaandikia wakulima ya kuchambua magunia kabla hayajapakiwa. Alama ya kulinganisha aliyokuwa nayo ilikuwa "kubwa kuliko au sawa na". Yaani gunia lenye 13.5 kamili linakataliwa! Majaribio yalikuwa 42, yote kijani. Nikayafungua moja moja. Moja lilisema waziwazi: ikiingia 13.5, jibu ni "kataa".

Mmeona kilichotokea? Msaidizi alisoma msimbo, akaona unafanya nini, akaandika jaribio la kuthibitisha kwamba unafanya unachofanya. Hakuuliza bodi inasemaje. Angeulizaje, na hakuna aliyemwambia kuna bodi? Huku mkulima anarudi na mzigo wake kuukausha upya ilhali ulikuwa sawa, na trekta analilipia mara mbili.

Kuna watakaosema hayo ni madogo. Haya, turudi Machi 2013. Baada ya uchaguzi mkuu, skrini za Bomas zilionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Nchi nzima ikashika kichwa. Baadaye mwenyekiti wa IEBC, Issack Hassan, akaeleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa inazidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Na huo ni uchaguzi ambao mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, kiasi cha kura 8,400 tu juu ya nusu ya zote zilizopigwa, huku watu wakibishana mpaka Mahakama ya Juu kama zilizokataliwa zihesabiwe au la. Jaribio la kuingiza 10 na kutarajia 10 lingeikamata kasoro hiyo kwa dakika moja. Lakini lazima atarajiaye 10 awe mtu anayejua kura ni nini. Ukimpa msaidizi msimbo unaozidisha kwa nane bila kumweleza kazi yake, hakuna kinachomzuia kukuandikia kwa adabu zote kwamba 10 ikiingia tunatarajia 80.

Kwa hiyo mimi nasema: mpe sheria, mfiche msimbo. Mweleze kwa maneno ya kawaida kazi inavyokwenda, halafu mwambie akutajie kila njia ambayo mambo yanaweza kuharibika. Hapo, jamani, ni hodari kuliko mimi. Atakuuliza taarifa ya malipo ya M-Pesa ikifika mara mbili, je, mteja atahesabiwa amelipa mara mbili? Na isipofika kabisa? Seva ikiwa inatumia saa ya UTC, mauzo ya saa nane usiku Bungoma yataandikwa ya jana. (Akikwambia "saa mbili" mwulize ni ya nani, maana hakusoma saa kwa Kiswahili.) Jina la Ng'ang'a lenye vile vikato litapita? Mengine itabidi umwongezee mwenyewe: nimekuta fomu zinazokataa namba za simu zinazoanza na 01, kwa sababu aliyeandika alijua 07 tu, na majaribio yake yote yalikuwa ya 07.

Kisha majibu yanayotarajiwa uyaandike wewe, ukiwa umeketi na mwenye kazi: karani wa mizani, mama wa duka, mhasibu wa chama. Kwa mkono. Kabla msimbo haujaandikwa. Baada ya hapo msaidizi na akague anavyotaka, na ikiwezekana awe mwingine, si yule aliyeandika.

Najua jibu la wenzangu wa Bungoma: "Mimi niko peke yangu kwenye hiki chumba, nani atanikagulia?" Hoja hiyo naikubali. Nairobi kuna kampuni zenye watu kumi wa kusomeana kazi. Sisi wengi tuko wawili au mmoja. Msaidizi ni heri kuliko kutokuwa na jicho la pili kabisa. Lakini jicho la pili ni la kukuuliza maswali, si la kukupigia muhuri. Akisema "uko sawa" pasipo swali hata moja, hajakagua. Na usimbandikie orodha ya wateja na namba zao za vitambulisho ili "ajaribu na data halisi". Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na wakulima hawakukupa majina yao kwa kazi hiyo. Tunga ya kubuni.

Wengine watasema mteja halipii muda wa majaribio. Ankara zangu zina mstari wa majaribio, umeandikwa saa na shilingi. Mteja akiukata, naketi naye namwonyesha lile jaribio la 13.5, kisha namwuliza magunia mangapi yuko tayari kuyarudisha nyumbani. Wawili wameondoka. Waliobaki wanalipa.